Vidonge vya Mtumba

Niliwapima presha wote wawili ndani ya wiki moja, kwa mashine ile ile na mkono huu huu. Wa kwanza alikuwa dada yangu wa tumbo moja, mwenye miaka arobaini na sita. Wa pili alikuwa tajiri wake, mwanamke wa kilimani ambaye dada alikuwa amemfulia nguo kwa miaka kumi na minne. Huyo alikuwa na arobaini na saba. Dada alitoka mia moja themanini na sita kwa mia moja na kumi na mbili. Tajiri alitoka mia moja themanini na nane kwa mia moja na kumi. Ukitaka kubishana, ile namba ya juu tajiri ndiye aliyemzidi.

Kazi ya kupima niliipata kwa bahati tu. Mimi ni fundi cherehani. Mradi wa utafiti ulikuja mtaani kwetu bondeni ukitafuta wanawake wanaojua kusoma, wanaofahamika kwenye nyumba za watu na wasioogopa mbwa. Sifa zote tatu nilikuwa nazo, na msimu huo nguo za kushona zilikuwa za kuhesabu. Wakatufundisha siku tano, wakatupa fulana, simu ya kujazia majibu na mashine ya presha ndani ya mkoba mweusi. Walitaka kujua kwa nini watu wa bondeni wanaugua na kufa mapema kuliko watu wa kilimani, na hali tunatenganishwa na ngazi tu. Ningewaambia siku ya kwanza kabla hata hawajafungua mikoba, lakini katika maswali yao yote themanini na mawili hilo halikuwemo.

Mtaa haukuchelewa kunibatiza. Nikawa Dada Presha. Kiongozi wa mradi, daktari mmoja mpole aliyekuwa akikunja suruali kabla ya kuruka mtaro, wakamwita Daktari Karatasi, maana kila aliyekutana naye aliondoka na karatasi, na hakuna aliyeondoka na kidonge. Mwenyewe alilisikia jina hilo, akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu katika habari hii yote nimetafuta mtu mbaya wa kumnyooshea kidole sikumpata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Dada yeye alijulikana kama Mama Povu. Aliishi chumba cha pili kutoka changu na binti yake mmoja, msichana wa shule. Vyumba vyetu vilikuwa kumi na kimoja katika mstari mmoja, bomba moja, choo kimoja chenye kufuli. Ufunguo wa choo ulizunguka kwa zamu na mara nyingi hukujua ulipo, kwa hiyo wanawake wengi wa pale walijizuia kunywa maji mpaka jioni. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kiwanda kidogo cha kuyeyusha plastiki. Upepo ukigeuka, moshi wake uliingia mpaka ndani ya chandarua. Kila asubuhi dada alipanda ngazi za saruji kwenda kilimani, vidato mia mbili na kumi na moja. Nilivihesabu mwenyewe siku niliyobeba ule mkoba mweusi.

Siku niliyompima nilifuata utaratibu kama kwa mtu baki. Nikamkalisha dakika tano, miguu chini, mkono mezani. Mashine ilipotoa zile namba nilirudia, nikarudia tena. Hazikushuka. Nikamuuliza kama kichwa kinamuuma, akaniambia kinamuuma tangu mwaka juzi, alidhani ni sabuni.

Kwa mtu mwenye presha ya namna ile tulitakiwa kufanya mambo mawili. La kwanza, kumwambia aende kituo cha afya kilicho karibu. La pili, kumpa kipeperushi. Kipeperushi kilikuwa na picha ya familia imekaa mezani, bakuli la matunda katikati. Dada hakuwa msomaji, nikamsomea: punguza chumvi, kula matunda kila siku, tembea angalau nusu saa, lala vya kutosha, epuka msongo wa mawazo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayesomewa wosia.

“Kutembea natembea,” akasema. “Hayo ya msongo wa mawazo waambie nitayaepuka, wakinionyesha na njia ya kupitia.”

Alikuwa hivyo. Hata jambo la kuliza watu yeye alilitafutia mahali pa kuchekea. Nilipomwambia apunguze kupanda zile ngazi na mzigo kichwani, akanijibu kwamba wahenga walisema aliye juu mngoje chini, naye wa juu amemngoja miaka kumi na minne, hashuki, kila siku mpandaji ni yeye.

Zahanati alikwenda. Ndugu zangu, msije mkasema hakwenda. Alikwenda Jumatatu tatu mfululizo, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mashuka kule kwa tajiri, kwa hiyo kila mara alifua usiku wa Jumapili nyumba ya watu ili apate asubuhi yake. Jumatatu ya kwanza dawa hazijafika. Ya pili zimefika, lakini mganga yuko semina na muuguzi haruhusiwi kumwanzishia mtu dawa. Ya tatu mganga yupo, dawa zimekwisha. Muuguzi, msichana wa watu, alimwomba radhi kana kwamba kosa ni lake, akamshauri anunue duka la dawa. Dada akalipita duka la dawa bila kugeuza shingo, kama unavyompita mtu usiyetaka akusalimu. Ada ya shule ya binti ilikuwa wiki hiyo.

Kilimani nilipangiwa Ijumaa ya wiki ile ile niliyompima dada, kabla hajaanza Jumatatu zake. Sikujua ni nyumba ipi mpaka geti lilipofunguliwa nikaona kamba ya kuanikia, na kwenye kamba, kanga ya dada. Tajiri alinikaribisha sebuleni, akanipa maji ya kunywa, akajibu maswali bila haraka. Alikuwa mwanamke wa maneno laini. Hakujua mimi ni nani kwa mfuaji wake, nami sikusema. Masharti yalikataza kuchanganya mambo ya watu, ila ukweli ni kwamba niliona haya. Nyuma ya nyumba nilisikia maji ya bomba yakimwagika kwenye karai na dada akikung'uta shuka.

Tajiri alipoona namba zake alishtuka, akachukua simu. Nilikuwa bado sijafika swali la chumvi, tayari daktari wake amempa miadi ya saa tisa alasiri ile ile. Nikampa kipeperushi. Akakiweka chini ya glasi ya maji ili meza isilowe.

Tajiri mwenyewe ndiye aliyemwambia dada habari ya presha yake. Walikuwa wanaongea, miaka yote hiyo huwezi kukaa na mtu bila kuongea. Dada akamweleza kwamba naye amepimwa na zake zilikuwa vile na vile. Tajiri akamshika bega, akamwambia kumbe wana ugonjwa mmoja. Dada alilileta hilo nyumbani kama kichekesho: miaka kumi na minne hawajawahi kugawana kiti, leo wamegawana maradhi.

Basi, tajiri akaanza dawa. Baada ya wiki tatu vile vidonge vikawa vinamkohoza, kikohozi kikavu kisichomwacha alale. Daktari wake akasema hutokea, akambadilishia aina nyingine. Vile vya kwanza vilibaki, maboksi mawili hayajafunguliwa na moja limeanzwa. Mwezi ule tajiri alipotoa nguo zake za zamani kumpa dada, kama alivyofanya kila alipopanga makabati, yale maboksi yalikuwa ndani ya mfuko, katikati ya blauzi.

Dada alikuja chumbani kwangu, akayapanga juu ya cherehani.

“Sisi watu wa mtumba, mdogo wangu,” akasema, “sasa hata ugonjwa tunavaa uliomtosha mwenzetu. Nisomee hapa pameandikwa nini.”

Katika mafunzo tulikuwa tumeonywa: usimshauri mtu juu ya dawa, usimwambie ameze, usimwambie aache, wewe si mganga. Nilisoma boksi lote, mbele na nyuma. Nikatazama tarehe ya mwisho wa matumizi, ilikuwa mbali. Nikamuuliza itakuwaje kama na yeye vitamkohoza. Akasema kukohoa amekuzoea, moshi wa plastiki ulimfundisha zamani. Nikamwambia ameze kimoja kila asubuhi na asiruke hata siku moja.

Kila Jumapili nilimpima kwa mashine ya mradi, mlango tumeurudishia. Mia moja sitini na nane. Mia moja hamsini. Mia moja thelathini na sita. Kichwa kikaacha kumuuma. Akawa anapanda zile ngazi bila kusimama kupumua kwenye kona ya tatu. Binti yake aliniambia kwamba mama sasa anaimba anapokunja nguo, jambo ambalo yeye hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Vidonge vilivyomshinda mwenzake vilimkaa dada yangu kama vilishonwa kwa kipimo chake.

Ikaja awamu ya pili ya utafiti, miezi mitatu baada ya ile ya kwanza. Nyumba ya dada ilikuwa kwenye orodha yangu. Nikampima rasmi: mia moja thelathini na nne kwa themanini na nne. Kisha maswali. Je, kwa sasa unatumia dawa za presha? Zimeandikwa na nani? Umezipata wapi?

Dada akanishika mkono kabla sijabonyeza. Alitaka kujua nani atayasoma yale majibu. Nikamwambia ni Daktari Karatasi na wenzake. Akaniuliza, wakijua tajiri yangu ananipa dawa zake, si watampelekea maneno? Yeye kakosa nini? Na mimi nikikosa ile nyumba nitafulia wapi? Nikamwambia majina hayatajwi. Akasema mtaa huu hauna siri, hata choo chake kina foleni.

Nikaandika hapana. Hatumii dawa. Swali lililofuata lilisema: je, ulipokea ushauri wa kiafya kwenye ziara iliyopita? Kweli alipokea. Nikaandika ndiyo. Nikafunga simu tukanywa chai. Sikuona nimefanya kubwa.

Wiki hiyo hiyo tajiri alikwenda kwa daktari wake kuangaliwa. Daktari akamuuliza vile vidonge vya kwanza ameviweka wapi. Naye, mtu asiyejua uongo, akamwambia amempa mfuaji wake mwenye tatizo kama lake. Daktari akamkemea. Akamwambia dawa si nguo, kila mwili na dawa yake, huyo mama anaweza kuharibika figo na lawama itakuwa juu yako. Na alisema kweli, mtu yeyote wa hospitali atakuambia hivyo. Tajiri akarudi amehuzunika, akamwomba dada msamaha kwa kumhatarisha, akamsihi aende kwa mganga apate dawa zake mwenyewe. Kulikuwa na boksi jingine moja la vidonge vile, lililosahaulika kabatini. Alikuwa ameshalirudisha duka la dawa wakaliteketeze.

Dada alibakiwa na vidonge tisa. Akaanza kumeza kimoja kila baada ya siku mbili. Nikamwambia havimezwi hivyo, akasema nimwache avirefushe. Vilipobaki vitatu akaviweka kwa siku atakayoumwa sana.

Jumatatu alikwenda zahanati. Nisiwachoshe.

Mimi nikaamua kwenda kwa Daktari Karatasi ofisini kwake, chumba kimoja walichokodi karibu na ofisi ya mtaa. Nilitaka barua ya rufaa, ile yenye muhuri, ambayo ukienda nayo hospitali kuu wanakuandikisha siku hiyo hiyo na dawa unapewa dirishani. Barua hizo alikuwa nazo kwa washiriki wenye hali mbaya. Alinipokea vizuri. Akafungua kompyuta, akatafuta namba ya dada, akatabasamu.

“Mbona huyu ni mfano mzuri kabisa?” akasema. “Alikuwa mia themanini na sita, sasa mia thelathini na nne, na hatumii dawa. Ushauri tu. Mwambie aendelee hivyo hivyo.”

Nikamwambia imepanda tena. Akaniuliza nimejuaje wakati awamu ya tatu bado. Nikasema nimempima mwenyewe. Akanikumbusha kwa upole kwamba mashine si za matumizi ya nyumbani. Kisha akanieleza kwamba barua zilizobaki ni chache, inabidi awape wale ambao takwimu zao zinaonyesha hatari, na takwimu za dada zinaonyesha amepona.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ningesema: daktari, ile hapana ni yangu, mimi ndiye niliyeiandika, dada alikuwa anameza dawa za mtu na sasa zimekwisha. Sentensi moja. Lakini kudanganya kwenye dodoso adhabu yake ilikuwa kufukuzwa, tuliisaini. Nikajiambia nitafikiri mpaka Ijumaa. Nikamshukuru nikatoka.

Ijumaa haikufika. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, dada alikuwa anaanika shuka uani kwa tajiri. Tajiri ndiye aliyenisimulia. Alikuwa dirishani, akamwona dada ameshika pembe ya shuka, amesimama tu, hamalizi kulitupa kambani. Akadhani anapumzika. Alipotazama tena shuka limemfunika na dada yuko chini, mguu mmoja unakwaruza saruji. Tajiri alitoka mbio miguu mitupu. Akamwingiza garini yeye na mlinzi, akampeleka hospitali yake mwenyewe, ya pale pale kilimani. Wakamtuliza, wakamwekea mpira wa hewa, na walipogundua hana kadi ya matibabu wakampa gari la wagonjwa lenye king'ora lililompeleka hospitali kuu. Kule akalala sakafuni siku mbili, godoro la mgonjwa mwingine limemgusa bega. Uso ulikuwa umeanguka upande. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havikuwa vyake tena. Maneno yalikuwa yamemtoka yote.

Tajiri alikuja kumwona, akalia kwa kweli. Kila mara alirudia kwamba alimwambia, alimsihi, aende akapime. Nilitaka kumjibu kwamba kupimwa alipimwa, dada yangu alipimwa kuliko mtu yeyote katika mji ule. Nikamshika mkono tu. Alikuwa ameleta mashuka mawili safi, na kwa harufu yake nilijua aliyeyafua.

Mwezi mmoja na nusu baadaye mradi uliita mkutano wa kurudisha matokeo kwa wananchi. Ukumbi wa ofisi ya mtaa ulijaa, maana palikuwa na soda. Nilikaa mstari wa mbele na fulana yangu pamoja na wapimaji wenzangu. Daktari Karatasi akatuonyesha ukutani mchoro wa mistari miwili, mmoja wa kilimani na mmoja wa bondeni. Alieleza vizuri, bila maneno magumu. Akasema watu wa bondeni wana presha mbaya na wanaipata mapema, na hilo limemsikitisha. Lakini kuna habari njema. Miongoni mwa waliokuwa na hali mbaya zaidi, ishirini na watatu walishuka bila kutumia dawa hata moja, baada tu ya kupewa ushauri na kipeperushi. Maana yake ni kwamba hata pasipo na fedha nyingi, elimu inaokoa. Watu wakapiga makofi. Wakubwa wawili waliotoka wizarani wakaandika.

Nilisimama bila kuomba nafasi.

“Mmoja wa hao ishirini na watatu ni dada yangu,” nikasema. “Wengi mnamjua, Mama Povu. Hakushuka kwa kipeperushi. Alishuka kwa vidonge alivyopewa na tajiri yake, na vilipokwisha akapooza. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hatumii dawa. Niliandika uongo, na uongo wangu ukamnyima barua. Hilo ni langu, nitazikwa nalo. Ila msitoke hapa mkiamini kuna mtu anaponywa na picha ya matunda.”

Halafu fundi viatu wa kona ya bomba akainuka. Akasema na yeye yumo katika hao ishirini na watatu, alimaliza dawa za marehemu kaka yake, zilibaki chupa nzima. Akainuka mama mmoja, akasema yeye na mama mkwe wake wanagawana, leo mmoja, kesho mwingine, na siku ya kupimwa anameza yeye. Mtu akacheka. Akainuka wa nne. Watu wakaanza kuambiana wanameza nini na wamekitoa kwa nani, kwa sauti, wakicheka kama watu waliofumaniana. Walifika tisa. Daktari Karatasi alisimama karibu na mchoro wake, amekunja mikono, na taa ya ile mashine ya picha ikimpiga usoni. Mwisho akasema amesikia na atalifanyia kazi.

Na alilifanyia kazi. Ripoti ilipotoka, mmoja wa wapimaji aliniletea nakala. Dada hayumo. Yeye na wale wengine wote waliosema ukweli mkutanoni waliondolewa, kwa sababu taarifa zao zilikuwa na dosari. Waliobaki ni wale walionyamaza, na kwa hao kipeperushi bado kinaponya. Ukurasa wa mwisho kuna pendekezo: wakazi wa eneo hili wana tabia ya kugawana dawa, wanahitaji elimu zaidi. Kipeperushi kipya kimeshachapishwa. Kina picha ya mkono unaompa mtu mwingine kidonge, na alama ya kukataza juu yake.

Mimi walinishukuru kwa mchango wangu, wakachukua simu na mkoba mweusi. Fulana waliniachia, naivaa nikifagia. Wale wakubwa wawili sikuwaona tena.

Binti wa dada alikaa nyumbani muhula mmoja kumhudumia mama yake. Muhula wa pili tajiri aliniita, akaniuliza kwa woga kama itakuwa vibaya akimchukua yule msichana afue siku tatu kwa wiki, angalau nyumba yetu isikose kipato kabisa. Alimaanisha wema. Nikamwuliza msichana mwenyewe, nikitumaini atakataa. Akaniambia, “Mama mdogo, wewe unaona kuna jingine?” Sasa anapanda ngazi yeye. Shule tunasema atarudi.

Dada yuko hai. Namwogesha asubuhi, namkalisha mlangoni kabla sijaanza kushona. Amepata maneno machache, na mguu unaburuzika akishikwa. Na dawa anapata. Hospitali kuu wana kliniki ya watu waliopooza, imefadhiliwa vizuri, na mtu akishapooza anaandikwa kwenye orodha na kupewa vidonge vya presha kila mwezi bila kukosa, ili asipooze mara ya pili. Mara ya kwanza hakuna orodha yake. Siku niliyoletewa boksi la kwanza nililigeuza geuza juu ya cherehani nikasoma jina. Vilikuwa vile vile vya tajiri, kampuni tofauti.

Presha yake ya mwezi uliopita ilikuwa mia moja ishirini na sita kwa themanini. Muuguzi alimsifu, akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa kama yeye. Nilipokuwa namfunga kanga tutoke, muuguzi aliniomba na mimi nikae kidogo, maana kuna mashine na foleni imekwisha. Nilitoka mia moja sabini na nane. Akafungua droo, akanipa kipeperushi.